Sadaka Inayotangulia Mimba

Nyumba ya pili kutoka kwa bibi yangu, kijijini kwetu Muheza, palikuwa na mtoto ambaye sisi wenzake hatukuwahi kumwona. Tulijua yupo kwa sababu usiku alilia, kilio chembamba kisichofanana na cha watoto wengine, na kwa sababu mama yake hakuwa akionekana ngomani wala kwenye shughuli za majirani. Siku moja mpira wetu wa makaratasi uliangukia uani kwao nikaufuata. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Juu ya mkeka alilala mtoto kwa ubavu, kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili, macho yameshuka chini, mgongoni amefungwa kitambaa kilicholowa. Nilirudi mbio kwa bibi nikamwuliza. Alikuwa akipeta mchele, na hakuinua uso.

"Mjukuu wangu, hayo si ya watoto."

Miezi michache baadaye kilio kilikoma. Hapakuwa na matanga. Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka zamani, na watu walinong'ona kwamba upande wa mke kuna kitu. Mama yule aliendelea kuishi pale miaka mingi, na sikumbuki mtu hata mmoja akimpa pole mbele yetu.

Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba kile nilichokiona kina jina, kina sababu na kina matibabu. Jambo lililoniuma zaidi ni kufahamu kwamba sehemu kubwa yake ingeweza kuzuiwa, kwa gharama ndogo kuliko ile ya kitambaa kilichofungwa mgongoni mwake.

Katika hospitali za Tanzania maradhi haya hutajwa kwa pamoja: mgongo wazi na vichwa vikubwa. Yanatajwa pamoja kwa sababu mara nyingi huenda pamoja. Mtoto anapozaliwa na mgongo wazi, maji yanayozunguka ubongo hukosa njia nzuri ya kutoka, yakajaa, na kichwa kikaanza kukua. Lakini mzizi wa mgongo wazi uko mbali sana na siku ya kuzaliwa. Uko katika wiki nne za kwanza za mimba.

Katika wiki hizo kiumbe ni kidogo kuliko punje ya mtama. Mgongoni mwake kuna utando mwembamba unaojikunja kutoka pande mbili hadi kingo zikutane, kama mtu anayekunja jani changa la mgomba kutengeneza bomba. Bomba hilo ndilo linalokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo. Kufikia siku ya 28 tangu mimba itungwe, kazi hiyo huwa imekwisha. Kingo zisipokutana upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, mishipa ya fahamu ikiwa nje au chini ya kifuko chembamba cha ngozi. Zisipokutana upande wa juu, huzaliwa bila sehemu kubwa ya fuvu na ubongo, na huyo haishi zaidi ya saa au siku chache.

Siku ya 28 mama yuko wapi? Huenda amechelewa siku zake kwa wiki mbili tu, tena akiamini ni uchovu wa kulima au homa iliyopita. Hajamwambia mumewe. Kliniki hajaifikiria. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015-16 ulionesha kwamba ni takribani mwanamke mmoja tu kati ya wanne nchini Tanzania aliyehudhuria kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Vile vidonge vya kuongeza damu anavyopewa huko vina foliki asidi, na vina faida yake kwa damu ya mama. Kwa mgongo wa mtoto vimeshachelewa. Mlango ulifungwa, au ulikosa kufungwa, kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito.

Hapo ndipo ninapotaka tuangalie upya namna tunavyotoa misaada. Sisi ni watu wa kutoa. Mtoto akioneshwa kwenye televisheni na kichwa kilichojaa maji, simu zinapigwa, michango inatumwa, kampuni zinajitokeza na hundi kubwa ya karatasi ya kupigia picha. Sina neno baya juu ya hundi hizo, kwa kuwa zimeokoa maisha. Lakini sadaka yetu karibu yote imerundikana mahali pamoja, yaani kwenye meza ya upasuaji. Upande wa kabla, ambako ugonjwa unaweza kuzuiwa, na upande wa baada, ambako mtoto anapaswa kuishi miaka 60, mfuko ni mtupu.

Tuanze na upande wa kabla.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza kwa nini wanawake wajawazito waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walikuwa wakiishiwa damu vibaya hadi kufa. Aligundua kwamba walipona wakilishwa dondoo ya hamira, ile inayouzwa Uingereza kwa jina la Marmite. Kulikuwa na kitu ndani yake ambacho chakula chao cha kila siku kilikosa. Mwaka 1941 wanasayansi walikipata kitu hicho katika majani ya spinachi, wakakipa jina linalotokana na neno la Kilatini la jani. Ndiyo foliki asidi. Mchicha, majani ya kunde, maharage, choroko na maini, vyote vina vitamini ya jamii hiyo, ingawa moto mkali na desturi yetu ya kuchemsha mboga na kumwaga maji hupoteza sehemu kubwa yake.

Ilichukua nusu karne nyingine kuthibitisha uhusiano wake na mgongo wa mtoto. Richard Smithells wa Leeds alikuwa ameshashuku hivyo tangu miaka ya 1960. Mwaka 1991 matokeo ya utafiti mkubwa ulioongozwa na Nicholas Wald, uliofanyika katika vituo 33 vya nchi 7, yalichapishwa. Wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hili walipewa foliki asidi kabla ya kushika mimba nyingine, na uwezekano wa kuzaa tena mtoto wa namna hiyo ulishuka kwa asilimia 72. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwani haikuwa haki kuendelea kuwanyima dawa wanawake wa kundi la pili, lile lisilopewa. Mwaka uliofuata watafiti wa Hungaria walionesha kwamba hata mwanamke ambaye hajawahi kupata tatizo hilo hukingwa.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno, mikrogramu 400 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kukimeza tangu anapotarajia kupata mimba, aendelee hadi wiki ya 12. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji kiasi kikubwa zaidi, kwa maelekezo ya daktari. Ushauri mzuri, ila unamfaa mwanamke anayepanga mimba yake na kuimezea vidonge mapema. Wengi wetu hatukuzaliwa kwa mpango wa namna hiyo, wala watoto wetu. Ndiyo maana nchi nyingi ziliamua kupitisha kinga kwenye kitu ambacho kila mtu anakula bila kuhitaji kukumbushwa.

Afrika Kusini ilianza mwaka 2003 kuagiza kwa lazima foliki asidi iwekwe katika unga wa mahindi na wa ngano. Walipohesabu watoto kabla na baada, kasoro hizi zilikuwa zimepungua kwa takribani asilimia 31. Karibu theluthi, kwa unga ule ule wa kila siku, bila mama yeyote kubadilisha chungu chake. Theluthi mbili zilizobaki zinatukumbusha kwamba unga haumalizi kila kitu: zipo sababu za urithi, kuna kisukari kisichodhibitiwa, zipo dawa kama valproeti wanazotumia wenye kifafa, ambazo mwanamke anayetarajia kuzaa anapaswa kuzizungumza na daktari wake kabla ya mimba.

Tanzania nayo iliweka kanuni za urutubishaji wa unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula mwaka 2011. Kenya ilifuata 2012. Unga wa ngano unatoka viwanda vichache vikubwa, na huko sheria imeshika. Chapati na mkate wa mjini, kwa kiasi kikubwa, vina virutubishi. Lakini Mtanzania wa kijijini hali chapati kila siku, anakula ugali. Na ugali wake haukutoka kiwandani. Umetoka kwenye mashine ya kusaga iliyo kona ya soko, ile ambayo mlio wake unasikika kuanzia alfajiri, ambako mama anafika na debe la mahindi kichwani na kuondoka na unga huo huo. Anayetaka sembe mahindi yanakobolewa kwanza, na kwa kukobolewa huko virutubishi vya asili vinakwenda kwenye pumba na kuliwa na kuku.

Mwezi uliopita nilisimama kwenye mashine moja pembezoni mwa mji nikamwuliza kijana anayeisimamia kama anaweka virutubishi. Alikuwa amejaa unga mpaka kope. "Kaka, wenye viwanda ndio wanaweka," alisema. "Sisi tunasaga mzigo wa mtu, tunampa mzigo wake. Nani atalipia?" Swali lake ni la haki. Sheria haiwezi kumlazimisha mtu kununua mchanganyiko wa vitamini ambao mteja hajui, hauoni, wala hataki kuulipia shilingi moja zaidi.

Swali hilo hilo ndilo lililojibiwa na shirika moja lisilo la faida, Sanku, na jibu lao linastahili kusomwa na kila mwenye nia ya kusaidia. Walitengeneza kifaa kinachofungwa kwenye mashine ndogo ya kusaga, kinachopima uzito wa mahindi au unga na kudondosha kiasi sahihi cha virutubishi, foliki asidi ikiwemo, pamoja na madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Kifaa kina mawasiliano ya simu, hivyo wanajua kwa mbali kama kinafanya kazi au kimezimwa. Na malipo? Walitambua kwamba msagaji anayeuza unga hununua mifuko ya kufungia. Wakanunua mifuko hiyo kwa wingi, kwa bei nafuu, wakamwuzia msagaji kwa bei aliyoizoea, na tofauti ya bei ikagharamia virutubishi. Mlaji halipi zaidi. Msagaji halipi zaidi. Nimekaa nikiutafakari ujanja huo wa halali na sijauona udhaifu wake mkubwa, isipokuwa mmoja: unamfikia anayenunua unga wa mfuko, na yule mama mwenye debe lake kichwani bado hajafikiwa kikamilifu. Huyo ndiye anayehitaji mfadhili.

Kuna jambo jingine kuhusu mahindi linalonisumbua, ingawa si wengi wanaolizungumza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika eneo la Brownsville, Texas, mpakani mwa Marekani na Meksiko, watoto wengi kuliko kawaida walizaliwa bila ubongo. Uchunguzi uliofuata ulielekeza shaka kwenye ukungu wa mahindi unaotoa sumu iitwayo fumonisini, ambayo inadhaniwa kuzuia mwili kupokea foliki asidi. Watu wale, kama sisi, chakula chao kikuu kilikuwa mahindi. Sumu hiyo hiyo imepimwa na kukutwa katika mahindi ya wakulima wa Tanzania. Kwa hiyo anayefadhili maturubai ya kuanikia mahindi, au mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, huenda anakinga migongo ya watoto bila kujua. Watafiti wetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Taasisi ya Chakula na Lishe wangetufaa sana kama wangepewa fedha za kulifuatilia hili hadi mwisho.

Sasa tuje kwenye meza ya upasuaji, mahali ambapo sadaka yetu inaonekana.

Mtoto mwenye mgongo wazi anapaswa kufungwa kidonda chake ndani ya siku mbili tatu tangu kuzaliwa, kabla vijidudu havijaingia kwenye uti wa mgongo. Mwenye kichwa kinachojaa maji anahitaji njia ya kuyatoa. Kwa miaka mingi njia hiyo imekuwa mpira mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, wenye kilango kidogo kinachoruhusu maji kushuka na kuyazuia kurudi. Sijui ni wazazi wangapi wodini Muhimbili wanaojua kwamba kilango hicho kilikamilishwa na mzazi mwenzao. John Holter alikuwa fundi katika kiwanda cha vitasa huko Marekani. Mwaka 1955 mwanawe alizaliwa na mgongo wazi, kichwa kikaanza kujaa. Holter aliwasikiliza madaktari wakimweleza ugumu wa kupata kilango kinachofaa, akaenda karakanani kwake na kukitengeneza. Kufikia mwaka 1956 kilango chake kilikuwa kikitumika kwa watoto.

Mbale, mashariki mwa Uganda, hatua nyingine ilipigwa. Hospitali ya watoto ya CURE, iliyojengwa na shirika la kujitolea la Kikristo, ilimpokea mwaka 2000 daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, aliyehamia huko na familia yake. Aliona upesi kwamba mpira ule, ambao Marekani ukiziba mtoto anafikishwa hospitali ndani ya saa moja, Afrika unaziba mtoto akiwa safari ya siku mbili kutoka kwa daktari. Akaboresha upasuaji wa kupitisha kamera nyembamba ndani ya ubongo, kutoboa njia mpya ya maji na kuunguza sehemu ya tishu zinazoyazalisha, ili watoto wengi wasihitaji mpira kabisa. Mwaka 2017 jaribio lililofanyika hapo Mbale lilionesha kwamba baada ya mwaka mmoja watoto wa njia hiyo walikuwa na akili sawa na waliowekewa mpira. Leo wataalamu kutoka mabara mengine wanakwenda Mbale kujifunza. Huko huko ndiko ilikoonekana kwamba sehemu kubwa ya vichwa vikubwa vya Uganda haitokani na mgongo wazi bali na maambukizi ya wiki za kwanza za maisha, jambo linalotukumbusha kutunza kitovu cha mtoto mchanga na kuwahi kutibu homa zake.

Kwetu, mzigo mkubwa umebebwa na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Katika miaka ya 2016 na 2017 madaktari wake, kwa ufadhili wa GSM Foundation, walizunguka mikoani kufanya upasuaji kwenye hospitali za rufaa, watoto wakafuatwa waliko badala ya mama zao kuuza mbuzi kupata nauli ya Dar es Salaam. Zanzibar, taasisi ya upasuaji wa ubongo katika Hospitali ya Mnazi Mmoja ilijengwa kwa msaada wa wakfu wa NED wa daktari Mhispania José Piquer, na imekuwa ikipokea madaktari wa kujitolea huku ikifunza wenyeji. Kijabe, Kenya, BethanyKids, iliyoanzishwa na daktari mmisionari Dick Bransford, imewafunga migongo watoto wengi wa Afrika Mashariki. Hawa wote wanastahili heshima.

Halafu mtoto anatoka wodini. Kamera zimeondoka.

Mwaka 2011 Warf na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa mgongo wazi waliofanyiwa upasuaji Mbale. Zaidi ya theluthi moja walikuwa wamefariki kabla ya kufika miaka 5. Upasuaji wao ulikuwa umefaulu. Tofauti ilikuwa kule walikorudi. Waliotoka wilaya zenye huduma za utengamao ngazi ya jamii, ambako kuna mtu anayewatembelea nyumbani na kumfundisha mama, walikuwa na nafasi ya kuishi sawa na watoto wengine wa vijiji vyao. Nadhani utafiti huo ungebandikwa ukutani katika ofisi ya kila mfadhili.

Nini kinachowaua nyumbani? Mara nyingi ni mkojo. Mishipa iliyoharibika mgongoni ndiyo inayoamuru kibofu. Kibofu kisipopata amri, mkojo unabaki, unarudi juu kwenye figo, na figo zinaharibika kimya kimya. Dawa yake si ya ajabu. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan alionesha kwamba mtu anaweza kutoa mkojo kwa mpira mwembamba kila baada ya saa chache, na kwamba mpira safi uliooshwa kwa sabuni na maji unatosha, si lazima uwe umechemshwa kwa mitambo ya hospitali. Mama anaweza kujifunza kwa muda mfupi. Mtoto akifika umri wa shule anaweza kujifanyia mwenyewe. Mipira hiyo ni rahisi, na bado kuna mama anayetumia mmoja hadi unakakamaa kwa sababu duka la dawa la wilayani halina na wa mkoani unataka nauli.

Ukiacha mkojo kuna choo, ambacho mtoto hakisikii kikija, na ndicho kinachomfukuza shuleni kuliko miguu isiyotembea. Wenzake wakishasikia harufu, basi. Kuna miguu iliyopinda inayohitaji plasta mapema. Kuna ngozi isiyo na hisia: mtoto anayetambaa karibu na mafiga anaungua bila kulia, na mama anagundua kwa harufu ya nyama. Kuna mpira wa kichwani unaoziba, na dalili zake, kutapika, usingizi usio wa kawaida, macho kushuka, zinadhaniwa ni malaria.

Wanaoyajua haya ni wazazi wenyewe. Chama chao, ASBAHT, kinawaunganisha wazazi wa watoto wenye mgongo wazi na vichwa vikubwa Tanzania. Kenya wapo SHAK. Mama aliyefundishwa na mama mwenzake husikiliza zaidi kuliko aliyeelekezwa na mtaalamu mwenye haraka. Pierre Mertens, Mbelgiji ambaye binti yake Liesje alizaliwa na mgongo wazi na kufariki akiwa bado mtoto, aliliongoza kwa miaka mingi shirikisho la kimataifa la maradhi haya, kisha akaanzisha Child-Help. Shirika hilo limesaidia kuwapo kwa Nyumba za Matumaini, Arusha ikiwemo, ambako mama kutoka mbali hufikia na mtoto wake, hulala, hufundishwa kutumia mpira wa mkojo, na hukutana na wengine waliokimbiwa na waume kama yeye. Upo pia utaratibu wa kumpa kila mtoto kijitabu kama pasipoti, chenye historia yake yote ya upasuaji na figo, ili daktari yeyote atakayemwona asianze upya. Kitu kidogo cha karatasi, na sijui kwa nini kila kliniki isiwe nacho.

Waislamu wa pwani wana neno kwa sadaka ya aina hii. Wanaiita sadaka jaria, sadaka inayoendelea kutiririka baada ya mtoaji kuondoka, kama kisima au mti wa kivuli. Wakristo nao wanajua kupanda ambapo mwingine atavuna. Basi mbona hatujawahi kuchimba kisima hiki? Nimeshiriki kamati nyingi za harusi. Najua kwamba ndani ya wiki sita kundi la watu 40 kwenye simu linaweza kukusanya mamilioni kwa ajili ya ukumbi, keki na magari. Uwezo tunao, na utaratibu wa kufuatana hadi mtu atoe tunao. Msikiti mmoja, parokia moja, au kikoba kimoja cha akina mama sokoni kingeweza kuchukua mashine moja ya kusaga na kusema: virutubishi vya hapa ni juu yetu, mwaka mzima, mahindi ya debe na ya gunia. Kingine kingechukua watoto kumi wa wilaya yao na kuhakikisha hawakosi mipira ya mkojo hadi wamalize darasa la saba.

Serikali haiepuki wajibu wake kwa sababu ya sadaka zetu. Mwezi Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozitaka nchi kuharakisha urutubishaji wa vyakula, na mgongo wazi ukatajwa kwa jina. Watoto chini ya miaka 5 wanapaswa kutibiwa bure kwa sera yetu, na mipira ya kichwani na ya mkojo ni sehemu ya matibabu, haistahili kuachiwa mama aitafute mitaani. Haya tuyadai kwa wabunge wetu bila woga. Lakini wakati tunadai, kuna msichana anayekula ugali leo jioni, na mimba yake itatungwa kabla bunge halijakaa.

Mwaka 2015 pekee, kwa makadirio ya watafiti, mimba zaidi ya 260,000 duniani ziliathirika na kasoro hizi. Sijasahau ile moja ya Muheza. Nilikwenda mwaka juzi kumtafuta mama yake, nikaambiwa yuko kwa mwanawe mdogo, aliyezaliwa baadaye, mzima. Nilipomkuta na kumwamkia shikamoo, nilimweleza nilichojifunza: kwamba haikuwa laana, haikuwa ya upande wake wala wa mumewe, huenda ilikuwa upungufu wa kitu ambacho kingeweza kuwekwa kwenye unga. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na unga huo sasa upo, baba?" Sikuweza kumjibu ndiyo.

Kwa hiyo ndugu msomaji, Jumamosi hii ukipeleka mahindi kusaga, au ukimtuma mtoto, muulize mwenye mashine kama ana kifaa cha virutubishi. Akisema hana, muulize kingegharimu nini kukipata. Halafu chukua simu yako, fungua kundi la wanafamilia au la kikoba, na uwaandikie jibu alilokupa.